Nta kwenye Kifuniko cha Tangi

Tulipomzika Mzee Lutengano kule Kitandililo, msomaji wa wasifu wa marehemu alifika mahali akainua macho kutoka kwenye karatasi, akasema, "Na leo tunaye hapa Fundi Elia, aliyeiokoa kazi ya marehemu pale misheni, enzi za Mwingereza. Fundi, simama watu wakuone." Nikasimama. Nimevuka miaka sabini na magoti yangu hayapendi kusimama ghafla. Watu walinitazama kwa upole, wazee wawili wakaitikia kwa vichwa, nami nikakaa chini. Wenzangu walipokuwa wanakula wali na maharage, mimi nilizunguka nyuma ya nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sikuiokoa kazi ya Mzee Lutengano. Mimi ndiye niliyekaribia kumfukuzisha. Sasa maneno yale yalitoka wapi? Kama marehemu mwenyewe ndiye aliyewaambia wanawe hivyo, je, alisahau? Alinihurumia? Au hakuwahi kuelewa nilichofanya? Nilikwenda hadi kwenye ua wa majani marefu ya mabingobingo nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa mwaka ule, isipokuwa wakati ule nilikuwa na miguu ya kukimbia na sikukimbia.

Nilifika Njombe mwezi wa Januari, mvua inanyesha, nikiwa na sanduku la bati, cheti kipya cha chuo cha ufundi, na kitabu kinene cha injini nilichokifunga kwa kitambaa cha mpira kisilowe hata kama mimi ningelowa. Misheni ilinipa mwaka mmoja wa majaribio: nitunze jenereta la zahanati, pampu ya maji na gari. Chumba changu kilikuwa nyuma ya karakana, kimetenganishwa na ofisi ya Sista Margareta kwa ukuta wa mbao tu, mbao ambazo zilikauka zikaachana, hata nikajua Sista anakunywa chai saa ngapi na anakoroga mara ngapi. Sista ndiye aliyekuwa mkuu wa zahanati. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Ulaya, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hakupenda kurudia jambo. Asubuhi nilikuwa naamka ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti, nakula viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, kisha nakaa nikiwaza ni kitu gani kitaharibika leo na mimi nisijue dawa yake. Darasani nilikuwa wa pili. Lakini injini za darasani zilikuwa zimekatwa ubavu ili wanafunzi waone ndani. Nilikuwa sijawahi kukutana na injini iliyojifunika.

Gari lenyewe lilikuwa jipu la kijeshi lililobaki vitani. Walikuwa wamelipaka rangi nyeupe, lakini nyeupe ilikuwa inabanduka na kijani cha vita kinachungulia. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha dereva, hivyo Mzee Lutengano alikuwa anayakalia mafuta aliyokuwa anayachoma. Mshale wa kuonyesha petroli ulikuwa umekufa zamani. Ili kujua imebaki kiasi gani, aliinua mto wa kiti, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti cha mwanzi alichokichonga alama kwa kisu. Ujuzi wake aliupata Burma, kwenye malori ya jeshi, na kutoka kule alirudi na kanuni moja tu. "Gari ni moto na mafuta, Fundi," aliniambia siku ya kwanza. "Likigoma, usilitukane. Uliza: moto upo? Mafuta yapo? Asiyekuwepo ndiye mwenye kesi." Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni nilisema, kitabu changu kina kurasa mia nne, haiwezekani zote ziwe zinasema hivyo.

Kila Alhamisi tulikwenda Makambako kupokea dawa. Lori kutoka Iringa liliteremsha masanduku pale njiapanda, nasi tukayachukua pamoja na madebe ya petroli. Mwezi wa Machi gari lilianza kukohoa. Nilifungua kile kibakuli cha kioo kilicho chini ya pampu ya mafuta, nikakuta maji yametuama chini ya petroli, yametengana kama shanga. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufanana na picha ya kitabuni. Nikaandika taarifa kwa mwandiko wangu bora: *Maji yamepatikana ndani ya petroli.* Sikuandika nani aliyeyatia. Lakini karatasi ikishafika mezani kwa mkubwa hujazwa na msomaji. Siku mbili baadaye nilimsikia Sista kupitia mbao, akizungumza na mchungaji. "Petroli inatoka dukani ikiwa safi," alisema. "Ikifika hapa ina maji. Katikati kuna mtu mmoja tu." Mchungaji alisema kitu kwa sauti ya chini. Sista akajibu, "Siwezi kujua anaiuza wapi. Najua tu kwamba anaijazia maji." Nilikuwa nimeshika bisibisi na nikaendelea kuishika muda mrefu bila kazi.

Niliamua nitamtetea Mzee kwa ufundi, kwa kuwa kwa maneno sikuweza. Kama nikionyesha maji yanapoingilia, basi. Nilikagua tangi lote, nikafika kwenye kifuniko. Mpira wake ulikuwa umekufa, na katikati ya bati kulikuwa na kitundu chembamba kama cha sindano. Nikasema, huyu hapa mwizi. Mvua ile, ukungu ule, jipu lisilo na paa la maana, na kitundu kinaangalia juu! Kwetu Mawengi chombo kinachovuja huzibwa kwa nta ya nyuki, na kijana anayejua kuziba pasionekane husifiwa na wajomba. Nilikuwa na donge la nta sandukuni. Niliyeyusha kidogo kwenye kopo la dagaa, nikakidondoshea kitundu, nikalainisha kwa kidole, nikakata mpira mpya kutoka kwenye tyubu kuukuu na kuupaka nta pande zote mbili. Kilifunga kama mdomo wa mtu mwenye siri. Sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nione matokeo ndipo niandike taarifa. Kama isingefaulu, hakuna ambaye angejua kwamba nilijaribu.

Maji yaliisha kabisa. Ndipo gari lilipoanza kuzima njiani. Lilikuwa likitoka Njombe limechangamka, linakwenda maili kumi, kumi na tano, kisha kwenye kilima fulani linaishiwa nguvu, linakohoa mara mbili, linakaa kimya. Mara ya kwanza nilifungua plagi, nikazikuta zina masizi, nikazisugua, nikazirudisha, likawaka. Nikaandika: plagi. Alhamisi iliyofuata likazima tena. Nikafungua distribyuta, kile kikombe kinachozigawia plagi umeme, nikakuta platini za ndani yake zimeungua kidogo, nikazipiga msasa, nikapima nafasi yake, likawaka. Nikaandika: platini. Iliyofuata nikabadilisha kondensa. Iliyofuata nikaivika koili kitambaa kibichi kwa kuwa kitabu kilisema koili ikipata joto hupoteza nguvu, na likawaka, na nilijiona daktari. Mzee Lutengano alikuwa anakaa kwenye ukingo wa barabara anamenya viazi alivyofungiwa na mkewe, akitupa maganda nyuma ya bega.

"Umepata?" aliuliza.

"Ni platini, Mzee. Zilikuwa zimeungua."

"Wiki iliyopita ilikuwa plagi."

"Wiki iliyopita ilikuwa plagi kweli."

"Pole yake hili gari. Kila wiki ugonjwa mpya, na daktari ni yuleyule." Akanipa kiazi. "Kula. Mtu mwenye njaa huona makosa mengi."

Jambo ambalo leo linanifanya nisimame katikati ya chumba bila sababu ni kwamba niliuliza maswali yake yote mawili. Moto upo? Nilichomoa waya wa plagi, Mzee akapiga hendeli, nikaona cheche. Lakini kwa macho ya woga niliiona dhaifu. Mafuta yapo? Nilifungua bomba kwenye kabureta, petroli ikaruka vizuri. Nilikuwa sijajiuliza nini kilitangulia. Kilichotangulia ni kwamba Mzee alikuwa ameshainua kiti, amefungua kifuniko na kutumbukiza kijiti chake kupima. Kila tulipokwama alipima kwanza, na kila alipofungua kifuniko palitoka sauti, *fyuuu*, kama mtu aliyeibuka majini.

"Fundi," aliniambia mara moja, kifuniko kikiwa mkononi, "tangi linavuta pumzi."

Nilikuwa nimeinama ndani ya boneti, bisibisi mdomoni. "Ni hewa tu, Mzee."

"Haya," akasema. "Ni hewa." Akarudi kwenye viazi vyake.

Jambo jingine lilinitesa zaidi. Gari halikuwahi kuzima likiwa na mgonjwa. Tulimleta mama mwenye uchungu kutoka upande wa Ludewa, njia yote ya vilima, Mzee anaendesha kama amebeba mayai, na injini haikukohoa hata mara moja. Tulimleta mzee aliyevunjika nyonga, vilevile. Ukurasa mmoja na nusu wa daftari langu ulieleza nadharia kwamba uzito wa mgonjwa unazikandamiza springi, na springi zikikandamizwa waya wa ardhi unagusa fremu vizuri. Nikafunga mifuko miwili ya mchanga nyuma ya gari ili iwe mgonjwa. Mzee aliiangalia mifuko ile, akaivulia kofia, akaisalimia kwa kilugha, "Kamwene, poleni na ugonjwa." Tulizima kwenye maili ya kumi na mbili.

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi ile inayoganda kwenye majani, Sista alituita wote wawili. Hakumwangalia mtu usoni, aliangalia karatasi zangu zilizopangwa mbele yake. "Lutengano, mimi si mtu wa kelele," alisema. "Injini inayonyweshwa petroli haizimi kila wiki. Inayonyweshwa mafuta ya taa inazima. Gari likizima tena njiani, utanirudishia ufunguo wa gari na wa nyumba." Mzee alikuwa anakaa kwenye nyumba ya misheni. Wanawe watatu walikuwa wanasoma shule ya pale, na mdogo wao, Lusungu, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuandika jina lake kwenye ubao wake mdogo wa shule. Mzee alisema, "Nimesikia, Sista." Nilingoja aseme kingine. Nilingoja mimi mwenyewe niseme kingine, maana niliamini bado kwamba kosa ni la umeme, na kuamini ni sawa na kujua nusu. Tulitoka. Nje akaniuliza kama nimebakiwa na sabuni ya kunawia grisi.

Alhamisi ile gari lilizima kwenye maili ya ishirini. Nililifungua kila kitu. Nilitandaza gunia kwenye majani yenye umande na kupanga juu yake rota, platini, kondensa, plagi nne, na vidole vyangu havikuwa vinahisi nilichoshika. Safari hii Mzee hakupima, aliketi tu, mikono kwapani. Saa tatu zilipita. Nilipounganisha tena na kupiga hendeli, likawaka, na safari hii sikujiona daktari. Tulifika Makambako jua limepinduka. Lori la Iringa lilikuwa limeshaondoka na kuacha sanduku letu kwa Mama Atu, mjane aliyekuwa na kibanda cha chai pale njiapanda, na pembeni yake akiuza mafuta ya taa. "Leo mmekuja kwa miguu?" alitusalimia. Mzee akacheka. Mimi niliketi kwenye kigogo ndani ya kibanda, kwenye moshi, nikapewa chai na ugali uliobaki na njegere, nikawa naangalia sahani. Gari lilikuwa limezima. Sista angejua kwa kuangalia saa tu.

Mlangoni palikuwa na mwanamume mwenye chupa anasubiri mafuta. Mama Atu alichukua debe jipya, akalitoboa pembeni kwa msumari na jiwe, akaliinamisha. Mafuta yalitoka kidogo, yakagugumia, yakakata.

"Mama, unayaombea dua ndiyo yatoke?" mteja akasema.

"Wewe una haraka ya kwenda wapi, na mkeo hakutaki?" Akaliweka debe chini, akatoboa tundu la pili upande wa pili, juu. Akaliinamisha tena. Mafuta yakashuka mfululizo, kamba moja nyembamba, mpaka chupa ikajaa. "Na debe nalo lina pua," alisema, akifuta mdomo wa chupa kwa kanga yake. "Ukiliziba pua litakupa nini?"

Niliacha chai. Sikumbuki kupita mlangoni. Mimi mwenyewe nimetoboa madebe tangu utoto, matundu mawili kila debe, hakuna mtoto asiyejua. Ni kitu ambacho sikuhitaji chuo kunifundisha na chuo kikanifanya nikisahau. Niliinua kiti cha dereva, nikafungua kifuniko. *Fyuuu.* Petroli ilikuwa inavutwa na pampu na hakuna hewa iliyoruhusiwa kuingia mahali pake, mpaka pampu inashindwa. Na sisi tukingoja, au tukifungua kupima, tangi linavuta pumzi, gari linapona, nami naandika jina la ugonjwa mwingine. Kile kitundu kilikuwa pua. Nilichukua msumari wa Mama Atu nikaichokoa nta ile, ikatoka kipande kimoja, nyeusi kwa vumbi, ndogo kama punje ya mahindi. Niliitia kwenye mfuko wa shati.

Tulirudi maili zote bila kusimama. Mzee aliimba tenzi za kanisani, sauti yake ya besi ikipanda na kushuka na vilima. Mahali tulipozoea kuzima alisema tu, "Leo limeshiba." Nilikuwa na maili karibu arobaini za kumwambia. Nilipanga: nikimwambia yeye kwanza, atafikiri nataka anisamehe kabla sijatenda haki. Nikimwambia Sista kwanza, Mzee atasikia kwa mtu mwingine. Nikisema wote wawili pamoja, nitalia. Tulipoingia uani Sista alikuwa amesimama barazani, saa mkononi.

"Limezima," alisema.

"Kwenda, Sista. Kurudi halikuzima," nilimjibu. "Nimesafisha njia ya mafuta."

"Kwa hiyo kulikuwa na uchafu kwenye mafuta."

"Kulikuwa na kizuizi."

"Asante. Inatosha." Akamgeukia Mzee. "Jumamosi, Lutengano."

Hakuna neno la uongo nililosema, na mpaka leo hayo ndiyo maneno ninayoyaonea haya kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Mzee alilifunika jipu turubai, akaenda kwake. Ijumaa niliandika barua mara saba. Ya kwanza ilieleza kanuni ya mgandamizo wa hewa. Ya nne haikuwa na neno nta. Nilizichoma zote kwenye kopo lile la dagaa. Nilijua mwaka wa majaribio ukikatika katikati hakuna atakayeniajiri. Nilijua pia upande wa pili wa bustani kuna mtu mwenye watoto watatu. Na nilivipima vitu hivyo viwili siku nzima kana kwamba mizani ilikuwa na shaka.

Jumamosi asubuhi nilipofungua dirisha niliona kitanda cha Mzee kimefungwa kamba nje ya nyumba, kuku wako kwenye tenga, na mkewe anazifunga sufuria kwenye shuka. Lusungu alikuwa ameketi juu ya godoro, ubao wake mapajani. Sikuandika barua ya nane. Nilikwenda karakana, nikafungua kifuniko cha tangi, nikaingia nacho ofisini kwa Sista, nikakiweka juu ya karatasi zangu pamoja na kile kipande cha nta. Mzee alikuwa amesimama pale tayari, funguo mbili mkononi. Nikasema. Sikumbuki nilianzaje, nakumbuka nilionyesha kwa kidole mahali kitundu kilipo, na kwamba nilirudia "mimi" mara nyingi. Sista alikichukua kifuniko, akakielekeza dirishani, akatazama mwanga kupitia kitundu kile, muda mrefu.

"Lutengano," akasema mwisho, "wewe ulilijua hili?"

Mzee aliangalia funguo zake. "Mimi ni dereva, Sista. Fundi ni yeye."

Sista aliona haya. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alimwambia Mzee aende akafungue kamba za kitanda, na akasema neno *samahani*, ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kupitia mbao zile wala nje yake. Mimi hakunifukuza. Nilimaliza mwaka wangu, lakini barua aliyonipa mwisho wake ilisema nilikuwa mtu wa bidii, na haikusema zaidi, nami nikaenda kutafuta kazi Mbeya. Mzee Lutengano hakuwahi kulitaja jambo lile tena. Alhamisi zilizofuata tulikula viazi gari likiwa linatembea.

Ndiyo maana kule msibani sikuweza kula. Watu walipoanza kuondoka nilimtafuta Lusungu, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu mwenye mvi, nikamkuta anaosha masufuria makubwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine. Nikamwomba pembeni. "Mwalimu," nikamwambia, "kile kilichosomwa si kweli. Baba yako alikuwa anafukuzwa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeziba..."

"Nta," alisema. Alikuwa anakausha mikono kwenye kitenge. "Kifuniko. Tunaijua, Baba Elia. Ametusimulia mpaka wajukuu wanaijua. Aliiona nta ile wiki ya pili."

"Wiki ya pili? Mbona alinyamaza?"

"Alisema alikuambia, ukamjibu ni hewa tu. Na kwa Sista hakutaka kwenda. Alisema huwezi kumvua mtoto wa mwenzako nguo mbele ya mgeni. Akawa anangoja uione mwenyewe. Akiwa na mgonjwa alikuwa anakilegeza kifuniko nusu mzunguko, wewe huoni." Akatabasamu. "Mifuko ya mchanga hakuilegezea."

Nilifikiria kitanda kile kimefungwa kamba, na yeye amesimama ofisini na funguo mkononi, anajua. Nikamwambia hata hivyo, nilipokwisha kujua nilikaa siku mbili nzima, kutoka Alhamisi mpaka Jumamosi, nikimwangalia anafunga mizigo.

"Hilo nalo alilisema," Lusungu alijibu. "Mama alikuwa anakukasirikia kwa hizo siku mbili mpaka alipokufa. Baba alikuwa anamwambia, 'Muache. Siku mbili, kwa kijana anayefikiri kiasi kile, ni mbio.'"

Akanishika mkono, akanirudisha kwenye benchi, akanipakulia wali uliobaki chini ya sufuria, ule ulioshika moto kidogo, akasimama pale mpaka nilipoanza kula.